Jinsi ya kujua kwa nini ajira zinaongezeka au kupungua vijijini: mwongozo kamili kwa watafiti wa Bukavu na wilaya za Kivu Kusini

Kuna kosa moja linalorudi katika kazi za wanafunzi na ripoti za mashirika hapa Bukavu. Mtu anahesabu ajira za wilaya katika mwaka fulani, anazihesabu tena miaka mitano baadaye, anaona tofauti, kisha anaandika sababu ambayo alikuwa nayo kichwani tangu kabla ya kuhesabu. Shirika lenye mradi wa kahawa linaandika kwamba ongezeko limeletwa na kahawa, na anayeipinga kampuni ya madini anaandika kwamba upungufu umeletwa na kampuni. Hesabu zenyewe hazikuulizwa swali lolote.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuziuliza. Njia tutakayofuata inayagawanya mabadiliko ya ajira katika sehemu tatu: ile iliyotokana na mwendo wa jimbo zima, ile iliyotokana na aina ya sekta ambazo wilaya inazitegemea, na ile iliyotokana na mambo ya wilaya yenyewe. Naomba jambo moja lieleweke tangu sasa, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia: mgawanyo huo unakuelekeza mahali pa kuitafuta sababu, lakini kuitafuta kwenyewe ni kazi ya miguu, ya mazungumzo na ya kalenda.

## Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Idadi ya watu wanaofanya kazi katika kila sekta ya wilaya yako, kwa miaka miwili unayotaka kulinganisha.
- Idadi hiyo hiyo kwa jimbo zima, kwa miaka ile ile na kwa sekta zile zile.
- Orodha moja ya sekta utakayoitumia mwanzo hadi mwisho.
- Kalenda ya matukio ya wilaya: vita, magonjwa ya mimea, amri za serikali, barabara kukatika, migodi kufunguliwa au kufungwa.
- Kalkuleta na daftari. Excel inasaidia, lakini hesabu zote zilizomo humu zinaweza kufanywa kwa mkono.
- Barua ya utafiti yenye muhuri, utakayoionyesha kwa msimamizi wa wilaya na kwa Mwami, yaani chifu wa jadi, kabla hujamuuliza mtu yeyote chochote.

## Hatua ya 1: Chagua eneo, miaka na msimu

Eneo lazima liwe na mipaka ambayo haikubadilika kati ya miaka yako miwili. Kivu Kusini haikuguswa na mgawanyo wa majimbo wa mwaka 2015, kwa hiyo wilaya zake nane, yaani Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu, zinaweza kulinganishwa na jimbo lile lile la zamani. Mwenzako wa Lubumbashi anayetaka kulinganisha hali ya leo na Katanga ya mwaka 2012 ana kazi kubwa zaidi: ni lazima kwanza ajumlishe Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, la sivyo atatangaza kwamba ajira nyingi zimepotea ilhali kilichobadilika ni mstari kwenye ramani.

Miaka yote miwili iwe miaka ya kawaida kadiri inavyowezekana. Machi 2020 mipaka na Rwanda ilifungwa kwa sababu ya Korona, na wafanyabiashara wadogo waliokuwa wanavuka Ruzizi kila asubuhi wakabaki bila kazi. Februari 2025 vita viliingia Bukavu na benki zikafunga milango. Mwaka wa namna hiyo unaweza kuutumia pale tu ambapo swali lako linahusu tukio lenyewe. Ukiuchukua kama mwaka wa mwisho wa utafiti kuhusu kilimo cha kahawa, kila kitu kitaonekana kimeanguka, na hutajua kama ni kahawa iliyoanguka au ni mwaka.

Msimu nao una uzito wake. Msimu wa kwanza wa kupanda unaanza Septemba na wa pili unaanza Februari, na wenye mashamba mabondeni wanalima tena katika miezi ya kiangazi. Ukihesabu wafanyakazi wa mashambani Oktoba katika mwaka wa kwanza na Julai katika mwaka wa pili, utakuwa umepima kalenda ya kilimo, wala si mabadiliko ya ajira.

Umefaulu katika hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja inayotaja wilaya, mwezi na mwaka wa kuanzia, mwezi na mwaka wa kumalizia, na jimbo utakalolinganisha nalo.

## Hatua ya 2: Tafuta hesabu, na ujue udhaifu wa kila chanzo

Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, na inafaa uende. Kongo haijafanya sensa ya watu tangu mwaka 1984. Uchunguzi mkubwa wa ajira na matumizi ya kaya unaoitwa 1-2-3, uliofanywa na Taasisi ya Kitaifa ya Takwimu mwaka 2005 na mwaka 2012, unakupa picha ya jimbo, lakini kaya zilizohojiwa ni chache mno kuweza kusema lolote la uhakika juu ya wilaya moja. Kwa hiyo utaitumia kwa upande wa jimbo, na hesabu za wilaya utazijenga mwenyewe kutoka kwenye madaftari yaliyopo.

Madaftari hayo ni mengi kuliko watu wanavyodhani. SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia uchimbaji mdogo, ina orodha za wachimbaji wadogo wa madini. Mkaguzi wa kilimo wa wilaya ana makadirio ya kaya zinazolima. DINACOPE, idara ya mishahara ya walimu iliyoitwa SECOPE zamani, inajua walimu wanaolipwa na serikali. Zoni ya afya ina orodha ya wauguzi wake na, jambo lenye faida kubwa, ina hesabu ya wakazi wa kila kijiji, kwa sababu bila hiyo haiwezi kupanga chanjo. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ina wafanyakazi waliosajiliwa na waajiri wao, ambao vijijini ni wachache. Chama cha motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, kina daftari la wanachama, na anayetoza ushuru wa soko anajua ametoa tiketi ngapi.

Kila daftari linadanganya kwa namna yake, wala si kwa nia mbaya. Orodha ya wachimbaji inawahesabu wenye kadi, kwa hiyo mchimbaji asiye na kadi hayumo, na shimo likifungwa majina ya watu wake yanabaki kwenye karatasi. Orodha ya walimu inawaacha nje wale ambao bado hawajaingizwa kwenye mishahara ingawa wanafundisha kila siku. Tiketi za soko zinahesabu meza.

Chukua soko la Mugogo, wilayani Walungu, siku ya soko. Kwenye meza moja ya nyanya utamkuta mama na binti yake, na wote wawili wanafanya kazi. Pembeni, nje ya mstari wa meza, kuna wanawake walioketi chini na kitenge kimetandikwa mbele yao, wanapima maharage kwa kopo, na mtoza ushuru akikaribia wengine wanakunja kitenge na kusogea. Anayetegemea tiketi hawaoni hao. Kwa hiyo fika mapema, gawanya soko katika vipande, hesabu wauzaji na uache kuhesabu meza, kisha linganisha hesabu yako na tiketi za siku ile. Uwiano utakaoupata utakusaidia kusahihisha tiketi za miaka iliyopita, mradi ushuru uwe ulitozwa kwa utaratibu ule ule.

Onyo kubwa la hatua hii linahusu maana ya ajira. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulibadilisha maana hiyo: mtu anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake hahesabiwi tena kuwa na ajira, ingawa inakubalika kwamba anafanya kazi. Ukichukua uchunguzi wa kabla ya mabadiliko hayo na kuulinganisha na uchunguzi uliofuata maana mpya, maelfu ya wakulima watatoweka kwenye jedwali lako bila hata mmoja kuacha jembe. Vijijini kwetu, ambako familia nyingi zinakula sehemu kubwa ya mihogo na maharage wanayovuna, kosa hili peke yake linatosha kuangusha utafiti mzima. Soma maelezo ya kila uchunguzi, na kama maana zimetofautiana, rudi kwenye maswali ya msingi uwahesabu watu upya kwa maana moja.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja kwa kila chanzo, inayosema chanzo hicho kinamhesabu nani, kinamwacha nani, na kama utaratibu wake ulibadilika kati ya miaka yako miwili.

## Hatua ya 3: Panga sekta

Toleo la nne la mpangilio wa kimataifa wa shughuli za uchumi lina mafungu 21, yenye herufi kuanzia A hadi U. Kwa wilaya ya kijijini sekta sita au nane zinatosha, kwa sababu ukigawanya mno kila sekta itabaki na watu wachache na asilimia zitaruka bila maana.

Kuna shughuli zinazowachanganya watu kila mara. Anayechoma makaa msituni anahesabiwa pamoja na misitu na kilimo. Anayepika kasiksi (pombe ya ndizi) ya kuuza yuko katika utengenezaji wa bidhaa, hata kama ndizi ni za shamba lake. Mchumaji wa majani ya chai ni wa kilimo, lakini anayekaushia majani hayo kiwandani ni wa viwanda. Wanawake wanaotwanga mawe ya dhahabu Kamituga, mji wa madini wilayani Mwenga, ni wa sekta ya madini, na kuwaweka katika huduma, kama nilivyoona katika ripoti kadhaa, ni kuwafuta kwenye sekta wanayoibeba.

Wengi wana kazi mbili: shamba asubuhi, pikipiki mchana. Weka kanuni moja, kwa mfano kazi iliyochukua saa nyingi zaidi katika wiki iliyopita, na kazi ya pili iandike katika safu yake. Safu hiyo usiitupe, utaihitaji katika hatua ya 8.

## Hatua ya 4: Gawanya mabadiliko katika sehemu tatu

Hesabu zifuatazo ni za mfano tu, nimezitunga ili ziwe rahisi kugawanyika; usizinukuu kama takwimu za mahali popote.

Jimbo, mwaka wa kwanza na mwaka wa mwisho:
- Kilimo: 400,000, kisha 420,000 (kimeongezeka asilimia 5)
- Madini: 50,000, kisha 40,000 (yamepungua asilimia 20)
- Biashara: 100,000, kisha 130,000 (imeongezeka asilimia 30)
- Usafiri: 50,000, kisha 70,000 (umeongezeka asilimia 40)
- Jumla: 600,000, kisha 660,000 (ongezeko la asilimia 10)

Wilaya, miaka ile ile:
- Kilimo: 7,000, kisha 7,000 (hakuna mabadiliko)
- Madini: 1,500, kisha 1,650 (yameongezeka asilimia 10)
- Biashara: 1,000, kisha 1,200 (imeongezeka asilimia 20)
- Usafiri: 500, kisha 750 (umeongezeka asilimia 50)
- Jumla: 10,000, kisha 10,600 (ongezeko la asilimia 6)

Sehemu ya jimbo. Zidisha idadi ya kila sekta ya wilaya katika mwaka wa kwanza kwa asilimia ya ukuaji wa jimbo zima, ambayo ni 10. Kilimo kinapata 700, madini 150, biashara 100, usafiri 50. Jumla ni 1,000. Hizi ndizo ajira ambazo wilaya ingeziongeza kama kila sekta ingekwenda kwa mwendo wa jimbo.

Sehemu ya sekta. Chukua asilimia ya sekta hiyo katika jimbo, toa 10, kisha zidisha kwa idadi ya wilaya ya mwaka wa kwanza. Kilimo ni 5 kutoa 10, yaani pungufu ya asilimia 5, ambayo kwa watu 7,000 ni hasara ya 350. Madini ni hasara ya 450. Biashara ni faida ya 200, usafiri faida ya 150. Jumla ni hasara ya 450: wilaya hii imeegemea sekta ambazo jimboni zinakwenda polepole au zinashuka.

Sehemu ya mahali. Chukua asilimia ya sekta katika wilaya, toa asilimia ya sekta hiyo hiyo katika jimbo, kisha zidisha kwa idadi ya wilaya ya mwaka wa kwanza. Kilimo ni sifuri kutoa 5, yaani hasara ya 350. Madini ni 10 kutoa pungufu ya 20, yaani tofauti ya asilimia 30, ambayo ni faida ya 450. Biashara ni hasara ya 100, usafiri faida ya 50. Jumla ni faida ya 50.

Sasa jumlisha sehemu zote tatu: 1,000 kutoa 450 kuongeza 50 ni 600, na wilaya kweli imeongeza watu 600. Fanya jaribio hilo hilo kwa kila sekta. Biashara: 100 kuongeza 200 kutoa 100 ni 200, sawa na ongezeko lake halisi. Zikikataa kulingana hata kwa mtu mmoja, usiendelee. Kwa kawaida kosa ni asilimia iliyochukuliwa juu ya mwaka wa mwisho badala ya mwaka wa kwanza, au alama ya kutoa iliyosahaulika kwenye sekta iliyoshuka.

## Hatua ya 5: Soma matokeo bila kuyasukuma

Angalia kilimo kwanza, kwa sababu ndicho kinachofichika. Watu 7,000 walibaki 7,000, na mwandishi mwenye haraka angesema hakuna kilichotokea. Lakini katika jimbo kilimo kiliongezeka, kwa hiyo wilaya hii imekosa watu 350 ambao kilimo kingewaongeza kama kingekwenda kama kwingine. Kuna jambo la mahali linalokizuia, na ni lazima ulitafute.

Biashara inafundisha kinyume chake. Imeongeza watu 200, na kiongozi yeyote angependa kuchukua sifa, ilhali sehemu ya mahali ni hasara ya 100. Ongezeko lote limetoka kwenye mwendo wa jimbo na wa sekta, na wilaya yenyewe imelipunguza. Mradi wa mikopo midogo unaodai kwamba ndio ulioleta wafanyabiashara hao 200 utakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Madini yameongezeka hapa wakati yanaanguka jimboni. Tofauti ya namna hii inastahili siku zako nyingi za uwanjani.

Onyo: sehemu ya mahali ni mabaki ya hesabu. Ndani yake kuna sababu za kweli za mahali, na pia kuna makosa yote ya madaftari yako. Kabla ya kueleza faida ya 450 katika madini, rudi kwenye hatua ya 2 uhakikishe kwamba SAEMAPE haikufanya tu zoezi la kugawa kadi mpya katika mwaka wa mwisho.

## Hatua ya 6: Pima sekta zinazoleta pesa kutoka nje

Gawanya asilimia ya sekta katika ajira za wilaya kwa asilimia ya sekta hiyo hiyo katika ajira za jimbo. Katika mfano wetu madini ni asilimia 15 ya ajira za wilaya na asilimia 8.33 ya ajira za jimbo, kwa hiyo kipimo ni 1.8. Biashara na usafiri zina 0.6 kila moja, na kilimo kina 1.05.

Kipimo kinachopita 1 kwa mbali kinaashiria sekta inayouza nje ya wilaya na kuingiza pesa, na sekta hiyo ikitikisika, muuza mikate, fundi wa nguo na motari wanatikisika baada yake. Kwa hiyo usiieleze biashara peke yake kama madini yametangulia kubadilika.

## Hatua ya 7: Itafute sababu

Andika kalenda ya matukio kabla ya kwenda kuongea na watu, kisha jiulize kila tukio lingeonekana katika sehemu gani.

Bei ya dunia kwa kawaida inagusa sekta nzima jimboni. Wakia moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 1,100 mwishoni mwa mwaka 2015, ikapita dola 2,000 mnamo Agosti 2020. Kupanda kwa namna hiyo kunavuta watu kwenye mashimo ya Mwenga na ya Shabunda kwa pamoja, na kutaonekana katika sehemu ya sekta. Amri ya serikali nayo inapita juu ya mipaka ya wilaya. Kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011 uchimbaji mdogo wa madini ulisimamishwa katika Kivu zote mbili na Maniema, na Septemba 2019 elimu ya msingi bila malipo ilipoanza, shule zilijaa na walimu wakahitajika kila upande. Anayeona walimu wameongezeka Kalehe asiandike kwamba ni juhudi za Kalehe.

Mambo ya mahali ni ya aina nyingine: daraja lililochukuliwa na mvua, kizuizi cha watu wenye silaha barabarani, mgodi wa kampuni unaoanza kazi pale ambapo watu walikuwa wanachimba kwa mikono, kama ilivyokuwa Twangiza, katika uchifu wa Luhwindja, ambako uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 2012. Mashine za kusaga mawe zilipofika Kamituga zilichukua sehemu ya kazi ya wanawake wanaotwanga. Dhahabu haikupungua, kilichopungua ni mikono iliyohitajika.

Magonjwa ya mimea yanasimama katikati. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, ukashuka hadi Kivu Kusini, ukifuata visu vya kukatia mikungu, wadudu na miche iliyobebwa kutoka kijiji hadi kijiji. Kwa kuwa haukufika kila wilaya wakati mmoja, hasara yake itaonekana kwenye sehemu ya mahali katika wilaya iliyoshikwa mapema na kwenye sehemu ya sekta pale ulipokwisha kuenea jimboni. Shamba la migomba likikauka, anayepoteza kazi si mkulima peke yake: mpishi wa kasiksi, mbebaji wa mikungu na muuzaji wa sokoni wote wanasimama. Tukio la namna hii linahitaji tarehe ya kila uchifu, na tarehe hizo ziko kwa wakulima wenyewe na kwa wakaguzi wa kilimo.

Ukienda kwa watu, usiwaulize kwa nini ajira zimepungua. Mgeni mwenye karatasi anayeuliza kwa nini atapewa jibu linaloweza kuleta msaada, na hilo ni jambo la busara kwa mtu mwenye shida. Uliza historia ya kazi ya mtu mwenyewe: "Mama, kabla ya kuuza hapa ulikuwa unafanya kazi gani? Uliiacha lini? Ni nani mwingine aliyeiacha wakati ule?" Kwa mzee wa kijiji uliza nani alikuwa wa kwanza kwenda mgodini, na shamba lake analima nani sasa. Majibu kumi na tano yenye tarehe yanaeleza zaidi ya maoni mia moja.

Kila sababu unayoidhania ipitishe kwenye maswali matatu. Je, ilitangulia mabadiliko, au ilikuja baadaye? Je, jirani ambaye hakuguswa nayo alibaki kama alivyokuwa? Je, watu walioacha kazi ni wale ambao sababu hiyo ingewagusa? Kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Kamituga, kwa mfano, ukisema ubovu wa barabara ndio uliopunguza biashara, basi vijiji vya kabla ya sehemu mbovu vinapaswa kuwa vimeendelea vizuri kuliko vya baada yake. Kama vyote vimeanguka sawasawa, barabara haina hatia, na umwambie hivyo aliyekutuma.

Onyo la usalama: karibu na migodi usiulize kiasi cha dhahabu kinachotoka, wala usiandike jina la mtu pamoja na jina la shimo lake. Daftari linaweza kuchukuliwa njiani, na atakayelisoma anaweza kuwa mtu anayetafuta wa kutoza.

## Hatua ya 8: Angalia kama ongezeko ni neema au ni shida

Ajira zinaweza kuongezeka kwa sababu watu wamekosa pa kwenda. Kijana aliyekimbia vita na kukopeshwa pikipiki anahesabiwa kama ajira mpya ya usafiri, lakini abiria ni wale wale. Waulize motari wamebakiwa na kiasi gani baada ya mafuta na pesa anayopewa mwenye pikipiki kila jioni, na kiasi hicho kilikuwaje miaka iliyopita. Idadi ikipanda huku kipato cha siku kikishuka, andika kwamba watu wamesukumwa kwenye sekta, usiandike kwamba sekta imekua. Ile safu ya kazi ya pili uliyoiweka katika hatua ya 3 itakusaidia hapa: kazi za pili zikiongezeka, mara nyingi kazi ya kwanza haitoshi tena.

## Hatua ya 9: Andika, kisha rudisha

Anza ripoti kwa jedwali la sehemu tatu, kila sekta na mstari wake. Chini ya kila mstari andika sababu, tarehe yake, ushahidi wake, na sababu nyingine ulizozikataa pamoja na kilichokufanya uzikatae. Sekta ambayo hukupata sababu yake iachwe wazi, bila kubandikwa sababu ya kujaza nafasi.

Kabla ya kuichapa, peleka jedwali hilo kwa watu waliokupa hesabu: mkaguzi wa kilimo, viongozi wa soko, chama cha motari, wazee wa uchifu. Lisome kwa Kiswahili au kwa lugha yao, mstari kwa mstari, na uwape nafasi ya kukataa. Ripoti iliyokamilika ina kiambatisho kinachoonyesha mstari upi ulipingwa, nani alipinga kwa cheo chake bila jina, na hesabu ilibadilishwa vipi baada ya hapo.